Ng'ombe Ndani ya Boksi Jeupe

Siku ya mnada, steshenari ile ya karibu na stendi ya Bariadi hujaa watu mpaka mlangoni. Huyu anataka fotokopi ya cheti, yule picha za pasipoti, na wote wana haraka. Minza, mbunifu wa mabango na kadi wa pale, alikuwa mbele ya kompyuta tangu alfajiri, gauni lake la kitenge cha njano limemganda mgongoni, macho yanamwasha. Ndipo bango likatua mezani kwake.

"Mwangaluka, mayu," mteja akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka."

"Mbona ng'ombe wangu amefungiwa kwenye boksi jeupe?"

Aliyeuliza alikuwa kijana mrefu mwenye shati la drafti na buti za mpira zilizojaa vumbi la Mwandoya, anakouza dawa za mifugo. Jina lake Joakim. Minza akalifunua bango. Kweli, ng'ombe mwekundu alikuwa amesimama ndani ya boksi jeupe kama aliyepigwa picha ya kitambulisho, na kijani cha malisho kilikuwa kimepauka.

"Ulitengeneza mwenyewe?"

"Kwa simu. Nikawatumia wachapaji."

"Ndiyo maana. Nyuma ya ng'ombe uliacha uwazi. Simu inauelewa, ila mashine yao haikuuelewa, ikajaza nyeupe. Kabla ya kuchapa unamshikanisha na rangi iliyo chini yake, wanakuwa kitu kimoja."

"Wakishashikana?"

"Hawatenganishwi tena. Ndiyo maana mteja namuuliza mara mbili."

"Na kijani changu?"

"Simu ina taa ndani. Karatasi haina taa, ina wino tu. Rangi unazigeuza mapema ziwe za wino, uone mwenyewe zitakavyotoka."

"Kumbe simu inadanganya."

"Haidanganyi. Inang'arisha."

Joakim akacheka, na Minza, ambaye hakuwa amecheka asubuhi nzima, akajikuta anacheka naye. Aliporekebishiwa bango lake, kijana akaomba namba, eti ya kazi. Akapewa, na wote wawili walijua hakuna kazi.

Basi zikaanza simu.

"Boksi Jeupe wangu, umekula?"

"Nimekula, baba ng'ombe. Na wewe?"

"Nimeshiba sauti yako. Ukicheka hivyo, hata ng'ombe wa kule kijijini Lingeka wanageuza shingo."

"Muongo wewe!"

Tatizo lilikuwa Jumapili, kila alipokuja mwenyewe. Minza alikuwa akivaa gauni lake la bluu na hereni ndefu, wanakwenda hotelini kunywa chai. Joakim alikuwa akijibu "mmh" na "ehee", kisha anasinzia kabla chai haijapoa. Jumapili moja uvumilivu ukamwisha.

"Joakim, umenichoka?"

"Nimechoka tu, mpenzi. Si wewe."

"Kwenye simu unang'aa. Ukifika hapa umepauka. Yule wa kwenye simu nitampata wapi?"

Joakim akaitazama mikono yake iliyochubuliwa na kamba. "Sawa," akasema, akawasha pikipiki yake akaondoka. Simu zikakoma.

Minza akasema potelea mbali. Akalisema kila siku, na kila siku akaitazama simu.

Mvua za kwanza zilipoanza, Mama Specioza akaja kuona sampuli ya kalenda ya kwaya yao, akanuna.

"Mbona kwenye simu ilikuwa inang'aa?"

Minza akajibu kwa uchovu maneno aliyokwisha kuyasema kwa wateja wote wa Bariadi. "Mama, ya kwenye simu ni taa. Ikizimwa, imekwisha. Hii iliyofifia kidogo ndiyo utakayoishi nayo ukutani."

"Basi bora hii. Angalau naishika."

Minza akakumbuka alivyomwambia Joakim kuwa amepauka. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akatoka barazani, akampigia simu.

"Joakim, Jumapili ile ulikuwa umetoka wapi?"

"Lingeka, kwa mzee Machibya. Nilikesha zizini, ng'ombe wake walikuwa wanakufa."

"Ukanijia bila kulala?"

"Ningelala, nisingekuona."

Minza akalia palepale, watu wakimwangalia. "Nisamehe. Ungeniambia."

"Na mimi nisamehe. Niliona haya kujieleza."

Jumamosi iliyofuata Joakim aliingia na buti zake zilezile, safari hii za tope, akapanga foleni. Zamu yake ilipofika akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Nina kazi. Kadi ya harusi."

Moyo wa Minza ukashtuka. "Ya nani?"

"Andika Joakim Ndaki. Pembeni andika Minza, ila liweke hafifu, lionekane kwa shida."

"Kwa nini hafifu?"

"Hajakubali bado. Akikubali, wazee wangu wanakwenda Nkololo kwa baba yake kuposa."

Minza akaandika. Jina likafifishwa, wakalitazama wote wawili, huku foleni ikikohoa nyuma yao.

"Kadi hii haichapiki," Minza akasema.

Joakim akashusha macho. "Kwa nini?"

"Ina uwazi. Mashine itamfungia bibi harusi kwenye boksi jeupe."

"Sasa tufanyeje?"

Minza akalirudisha jina lake mpaka likakolea sawasawa na lile la Joakim. "Hapa nashikanisha. Nikishabonyeza, hayatenganishwi. Una hakika?"

"Nina hakika."

"Una hakika?"

"Minza, shikanisha. Nimechoka."

"Na mimi nimechoka," akasema, akabonyeza.