Risasi za Ncha Nyekundu

Kila Ijumaa ya msimu wa mawindo, Marit akitoka shule alitua mkoba jikoni, akanywa maziwa, kisha akaingia stoo ya Bibi Alma kupanga risasi za kesho. Alipewa kazi hiyo kwa sababu alikuwa mwangalifu. Risasi nyepesi za ncha nyekundu zilikuwa za kuchakulo, wale kindi wa ardhini waliotoboa mashimo kwenye malisho ya ng'ombe. Zikigusa kitu hupasuka vipande vipande. Za kulungu zilikuwa nzito kiasi. Za elki, yule kulungu mkubwa mwenye uzito unaokaribia wa farasi, zilikuwa za shaba tupu, ili zipenye mfupa wa bega na kufika moyoni. Zote ziliingia bunduki moja, ndiyo maana Bibi alitaka kila kisanduku kiandikwe.

Ijumaa hiyo kisanduku kilikuwa cha binamu yake, Colby, mwenye miaka kumi na minne. Mwaka huo katika familia ni yeye peke yake aliyepata kibali cha kuwinda elki, na nyama hiyo ndiyo ingewalisha wote mpaka theluji iyeyuke.

Marit alimchukia Colby. Mwaka jana Marit alimwangusha kulungu wake wa kwanza kwa risasi moja, naye Colby akapigwa picha ameshika pembe, akawaambia shule nzima kuwa ni wake. "Marit alibeba kamba tu," alisema. Tangu hapo jina la Marit likawa Mbeba Kamba. Hata mpishi wa shule alimwita hivyo akimpakulia viazi.

Kwa hiyo alitoa risasi za shaba kwenye kisanduku kilichoandikwa ELKI, akazitia mfukoni mwa koti lake, na mahali pake akapanga zile za ncha nyekundu. Colby hakuwa mtu wa kukagua. Angepiga, elki angekimbia, naye angeaibika mbele ya Bibi. Marit alifunga kisanduku huku akitabasamu.

Asubuhi, juu ya kilima, Bibi na Marit wakiwa nyuma yake, Colby alipiga. Elki dume aliyumba, akaanguka kwa magoti, akainuka kwa miguu mitatu na kuingia msituni akikohoa.

Bibi Alma alifungua bunduki, akatoa risasi iliyobaki na kuitazama ncha yake.

"Colby, hii ni ya nini?"

"Sijui, Bibi. Kisanduku kiliandikwa elki."

"Unataka kuniambia zimejipanga zenyewe? Marit hajawahi kukosea kupanga. Wiki nzima ulikuwa unahangaika na kuchakulo. Nipe bunduki. Hutaishika misimu miwili."

Colby alimpa, kisha akalia waziwazi. Marit alikuwa ameingoja siku hiyo mwaka mzima, na kwa muda mfupi alisikia raha kweli.

Halafu elki akakohoa tena kule kwenye misonobari.

"Atakufa leo?" Marit aliuliza.

"Kwa jeraha la juujuu hivi? Labda kesho. Labda keshokutwa," Bibi alisema. "Za shaba ziko nyumbani. Kwenda na kurudi kutachukua saa nne, na theluji inakuja kufuta nyayo."

Marit aliingiza mkono mfukoni. Risasi zilikuwa zimepata joto la mwili wake. Angenyamaza, Colby angebaki na aibu yake. Elki akakohoa mara ya tatu.

"Za shaba ninazo mimi," alisema, akafungua kiganja. "Nilizibadilisha jana. Aliniibia kulungu wangu, nikataka aumie."

Colby aliacha kulia. "Wewe Marit, una wazimu?"

"Mtagombana baadaye," Bibi alisema, akaitia risasi ya shaba kwenye bunduki na kumrudishia Colby. "Kibali ni chako, umalize. Marit, shika kamba."

Walifuata damu zaidi ya saa moja. Elki alikuwa amelala kando ya gogo, akiwatazama. Colby alipiga mara moja tu.

Walipomchuna, Bibi alipasua bega. Nyama yake ilikuwa imesagika, imejaa vipande vya risasi. Bega zima lilitupwa. Akaokota vipande vitatu na kuviweka kwenye kiganja cha Marit.

"Vipande hivi ulimpelekea Colby," alisema. "Umeona vilikoishia? Ulikuwa na haki ya kukasirika. Ungekuja kwangu ukaniambia, ningemkabili. Lakini kisasi cha kificho hakichagui wa kumpiga. Kimempata mnyama ambaye hajui hata jina lako. Misimu miwili ya kutoshika bunduki niliyompa Colby, sasa ni yako."

"Ndiyo, Bibi."

"Na wewe, Colby, Jumatatu utasimama mbele ya darasa useme kulungu yule alipigwa na nani. Na kuanzia leo utatazama unachotia kwenye bunduki."

"Nitasema, Bibi," Colby alijibu, bila kumtazama Marit.

Marit alivitia vile vipande mfukoni, akafunga kamba kwenye paja la elki lililozungushiwa ngozi, akaipitisha begani na kuanza kuvuta. Baada ya hatua chache Colby alishika kamba nyuma yake, wakavuta wote wawili mpaka kwenye gari.