Moshi wa Ng'ambo ya Kijito

Maiti ya Mwandu ilikuwa chini ya nguzo zilizoungua, kwenye bonde la Ilembo, upande wa mji. Nyasi zilizoizunguka zilikuwa bado mbichi.

Inspekta Melkior alichuchumaa, leso puani. Ilikuwa 1996, masika yameisha.

"Nani kachoma?"

"Mimi, afande." Dulla, mgambo wa mji, alijibu. Mikono kaificha mifukoni. "Sheria ndogo. Vibanda vya wahamaji marufuku ndani ya mji. Nilipiga kelele watoke. Sikujua kuna mtu."

"Na ng'ambo ya kijito?"

"Kule kijijini. Mgeni akishamwona mwenyekiti, anapiga kambi yake, anakaa. Hawa Wasukuma wangevuka tu, nani angewagusa? Ubishi umemuua."

Kija, mke wa marehemu, alikuwa amekaa chini, mtoto mgongoni.

"Pole, mama. Kambi yenu ilikuwa wapi?"

"Ng'ambo, afande. Mwenyekiti alitupokea. Baba wa huyu mtoto alikuwa na homa, nikamwacha amelala, nikapeleka ng'ombe majini. Narudi, yuko huku."

"Muongo!" Dulla alidakia. "Moshi umemwingia kichwani. Afande, waondoke leo na ng'ombe zao."

"Niondoke niende wapi?" Kija aliuliza. "Na yeye nimwache huku, aitwe mvunja sheria?"

Melkior alichota majivu. Nyasi na miti tu.

"Mama, jioni mumeo alikuwa anaota moto wapi?"

"Kwenye shikome, moto wa wanaume. Mwanaume wa kwetu akifika mahali, hata nyumba hajajenga, anawasha shikome."

"Mnaiwasha kwa kitu gani?"

"Mavi ya ng'ombe. Yanakaa na moto siku nyingi."

Melkior akavua viatu, akavuka. Karibu na zizi la miiba alikuta duara jeusi, limefagiliwa kwa matawi. Pembeni, lundo la mavi ya ng'ombe, kijivu. Alilichokonoa kwa kijiti. Moshi ukatoka.

Akarudi.

"Dulla, umebeba nguzo, umebeba na maiti. Shikome mbona umeiacha?"

"Shikome ndo nini? Mimi niliona mavi tu."

"Uliyaona wapi?"

Dulla akatupa jicho ng'ambo ya kijito.

"Toa mikono mfukoni."

Viganja vilikuwa na malengelenge.

"Ng'ombe zao zilimaliza mahindi ya mama yangu," Dulla alisema, sauti imeshuka. "Nikaenda kwa mwenyekiti. Ati tukae tuzungumze. Tuzungumze! Mama analala njaa. Mimi nilitaka wahame tu. Nimeshawasha, ndo nasikia mtu anakohoa ndani."

"Ukamtoa?"

Dulla alitazama viganja vyake.

"Nakuuliza, ukamtoa?"

"Nilisimama, afande. Nikaangalia."

Kija alijifunika uso na kanga.

"Moto ulipopungua nikamhamishia huku, nikawasha tena. Kule ningeitwa muuaji. Huku ni kazi."

"Sheria ya mji inavunja kibanda, Dulla. Kuua mtu hakumo." Melkior akamfunga pingu. "Twende."

"Afande," Kija aliita. "Nimzike upande gani?"

Melkior aligeuka.

"Ng'ambo, mama. Mlipopokelewa."

Kija akavuka na mtoto wake. Shikome ilikuwa bado inatoa moshi, na hapakuwa na mwanaume wa kuichochea.