Mlango wa Kulia

"Uko wapi?"

"Shambani, Jicho. Si nilikuambia? Bisibisi mkononi, baridi ya friji mgongoni."

"Shamba gani?"

"La mboga, huku milimani. Kwani picha haijafika?"

"Imefika. Ndiyo ninayoiangalia."

Fundi Miwani alikuwa amesimama nyuma ya kaunta ya duka la miwani alilofanyia kazi. Mashine ya kusaga lenzi alikuwa ameizima ili asikie vizuri. Picha aliyotumiwa na mchumba wake aliifungua kwenye kompyuta ya dukani, akaikuza mpaka kikabaki kiwiliwili cha ndege peke yake: ndege kuukuu ya propela mbili, imepakwa chokaa nyeupe tupu bila herufi wala namba, imezama kwenye nyasi mpaka tumboni. Mchumba mwenyewe, aliyejipiga picha mbele yake akicheka, alibaki nje ya kioo.

"Nimeiona nikasema hii lazima Jicho aione," mchumba alisema. "Mbona hufurahi? Mtu mwingine anatumiwa maua, wewe umetumiwa ndege nzima."

"Hiyo ni Dakota."

"Haya, umepata. Nikupe zawadi gani?"

"Mlango wake uko kulia."

"Mlango?"

"Dakota nyingi mlango wa abiria uko kushoto, nyuma ya bawa. Zilizotengenezwa na mlango wa kulia ni chache. Katika nchi hii naijua moja, na iko mbele ya ile hoteli ya ziwani."

Hoteli ya ziwani ilikuwa na bustani nzuri, samaki wazuri, na meneja ambaye miaka ya nyuma nusura aolewe na mchumba huyohuyo.

"Unasema niko kwake," mchumba alisema taratibu.

"Mimi sisemi kitu. Mlango ndio unaosema."

"Na mdomo wangu nao je? Nakuambia ndege iko hapa shambani, wenyewe wanaweka magunia ya mbolea ndani."

"Dakota haioti shambani kama kabichi. Ingekuwepo tungeijua."

"Nyinyi akina nani?"

"Kundi letu."

"Kundi lenu linajua kila kitu kilicho nyikani?"

"Na hii siku moja uliyoongeza ni ya nini? Ulisema kazi inaisha leo."

"Kuna kitu namalizia. Nitakuambia nikirudi."

"Niambie sasa. Au piga picha nyingine, kwa mbali, nione na hilo shamba."

Mchumba alishusha pumzi. Alikuwa fundi wa vyumba vya baridi, mtu wa maneno machache, na hasira yake ilikuja polepole kama barafu inavyoganda.

"Sipigi. Nikianza leo kukupigia picha za kujitetea, nitapiga mpaka uzeeni. Ukimaliza kuikagua ndege, nikague na mimi."

Simu ikakatwa.

Wengine hukusanya stempu, wengine hufuga njiwa. Fundi Miwani alikuwa na ndege za kale. Katika kundi la simuni liitwalo Mbawa za Kale, mtu alileta picha iliyochakaa, labda ya babu amesimama karibu na bawa, na wenzake wakashindana kuitambua ndege. Sharti lilikuwa moja: hutaji jina bila ushahidi wa vitu vitatu. Umbo la mkia, idadi ya madirisha, injini, magurudumu, chochote kile, lakini viwe vitatu. Na aliyekosea alilazimika kuandika mbele ya wote: Nimekosea, na ushahidi ni huu. Fundi Miwani hakuwahi kuyaandika maneno hayo. Ndiyo maana wakamwita Jicho, na mchumba naye akalipenda jina.

Jioni ile alipanga ushahidi wake. Mlango wa kulia. Siku iliyoongezwa bila maelezo. Kukataa kupiga picha nyingine. Vilikuwa vitatu. Harusi ilikuwa mwezi ujao, na yeye hakuwa mtu wa kuingia kwenye ndoa kwa kubahatisha. Alivua pete, akaiweka ndani ya kikasha cha miwani, akampelekea dada wa mchumba na ujumbe mfupi: *Wifi, mpe kakako. Yeye anajua.*

Wifi hakumpa kaka mtu. Asubuhi aliingia dukani na kikasha mkononi, bado amevaa sare ya hospitali, maana alikuwa mkunga na alitoka zamu moja kwa moja. Alivuta kiti cha wateja, akakaa chini ya lile bango la herufi za kupimia macho.

"Wifi yangu, nimezalisha mapacha leo, sina nguvu za kupigana. Nieleze kwa kifupi."

Fundi Miwani akaeleza. Dakota, mlango, hoteli, meneja. Wifi alisikiliza huku akijikanda miguu.

"Ngoja nielewe. Kaka yangu ameachwa kwa sababu ya mlango?"

"Kwa sababu ya uongo."

"Umempigia huyo meneja?"

"Siwezi kujidhalilisha."

"Umeliona hilo shamba?"

"Sijaliona."

"Basi mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Ulikuwa na hofu na yule mwanamke tangu siku ya kwanza, leo umepata mlango wa kuitundika. Mimi hata mtoto simsemi kabla hajalia. Wewe umemhukumu mtu mzima kwa picha."

"Picha hazina upendeleo, wifi. Watu ndio wanao."

"Haya, bibi ushahidi."

Simu ya Fundi Miwani ikalia. Mgeni mmoja alikuwa ameingia Mbawa za Kale na picha ya zamani ya marubani wawili kando ya ndege, akaandika kwa majigambo: *Mlango kulia! Nimepata Dakota ya nadra!*

Wengine walikuwa wameshaanza kumpongeza. Kujibu watu wa namna hii ilikuwa kazi ya Jicho, na vidole vyake vilianza kuandika kabla hajafikiri:

*Karibu. Usishangilie bado. Picha za zamani mara nyingi husafishwa zikiwa zimegeuzwa, kushoto kukawa kulia. Kabla hujaiangalia ndege, muangalie mtu. Mfuko wa shati uko upande gani? Saa iko mkono upi? Ndege inaweza kukudanganya. Shati*

Vidole vikasimama.

"Umeona nini?" wifi aliuliza.

Aliiendea kompyuta, akaifungua picha ya jana, safari hii nzima, bila kuikuza. Mchumba wake akatokea akicheka, mkono mmoja umeishika simu, wa pili umeinuliwa kuonyesha ndege. Tangu jana hakuwa amemtazama hata mara moja. Ilikuwa inauma, kwa hiyo alimkata akabakiza bati.

"Wifi, kakako anavaa saa mkono gani?"

"Kushoto, kama watu wote."

"Hapa iko wapi?"

Wifi akasogea. "Kulia."

"Na mfuko wa shati?"

"Kulia. Amevaa shati la nani huyu?"

"Lake. Amejipiga kwa kamera ya mbele, na simu yake inahifadhi picha kama kioo, imegeuzwa." Alibonyeza kitufe, na picha ikageuka. Pua ya ndege iliyoelekea kulia ikaelekea kushoto. Mlango ukahama nayo. Pakawa na Dakota ya kawaida kabisa, mlango kushoto, kama dada zake wote duniani.

Wifi akaisogelea skrini.

"Sasa hiyo ni ndege nyingine?"

"Ni ileile. Mjinga ndiye amepatikana mwingine."

"Mganga hajigangi," wifi alisema, na mara hii alicheka mpaka bango la herufi likatikisika nyuma yake. "Unawafundisha watu wazima huko, mwenyewe umemkata mume pichani."

Fundi Miwani alichukua simu kumpigia. Wifi akaifunika kwa kiganja.

"Ulimtukana kwa simu. Radhi utaiomba kwa miguu."

"Natapika kwenye kona za milimani."

"Nitakushikia mfuko."

Wakapanda basi. Kona zilikuwa kama alivyozihofia. Katikati ya safari, uso wake ukiwa na rangi ya jivu, Fundi Miwani alifungua Mbawa za Kale, akaweka picha mbili, iliyogeuzwa na iliyonyooka, akaandika chini yake: *Nimekosea, na ushahidi ni huu.* Kundi zima likanyamaza, kama msikiti imamu anapokosea aya. Kisha mmoja akaandika: *Jicho limeingia mchanga?* Wakamcheka njia nzima, naye akawaacha wacheke.

Shamba lilikuwepo. Chumba cha baridi kilikuwepo, kimejaa kreti za karoti na kabichi. Na nyuma ya ghala, pua juu na mkia chini, ilikuwepo Dakota. Nyasi zilizokuwa zikigusa tumbo lake zilikuwa zimefyekwa. Mchumba alikuwa chini ya bawa, amevaa ovaroli, anasugua ukoga kwa brashi. Alimwona, akaendelea kusugua.

"Umekuja kuhakikisha mlango?"

"Nimekuja kuomba radhi."

"Nilisema nitakuambia nikirudi."

"Ulisema."

"Ungesubiri siku moja tu." Akatupa brashi ndani ya ndoo. "Mwenye shamba alikuwa na friji mbovu. Nimemtengenezea, naye amenipa ruhusa. Tumehamisha magunia ya mbolea, tumefyeka, nasafisha. Nilitaka picha za harusi tupigie hapa. Wewe na mume wako na hili bati lenu msilolijua."

Wifi alikuwa amekaa juu ya kreti mbali kidogo, anatafuna karoti, anatazama kwingine kwa bidii kubwa.

"Nilikukata pichani," Fundi Miwani alisema. "Ningekuangalia wewe kwanza, nisingekosea. Nilikuwa na wivu. Wivu unasaga lenzi vibaya."

Mchumba alijifuta mikono kwa kitambaa, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Na kesho nikichelewa kurudi nyumbani? Utanipima na rula?"

"Nitakuuliza. Ukijibu, nitasikia jibu lako kabla ya kuangalia kingine."

"Maneno hayo. Nyinyi kwenye kundi lenu mnaamini kwa vitu vitatu. Nipe vitatu."

"Cha kwanza, nimepanda basi la milimani. Muulize dada yako."

"Ametapika mara mbili," wifi alisema bila kugeuka. "Na viatu vyangu ni shahidi."

"Cha pili, nimekosea mbele ya kundi zima, na nimeandika kwa mkono wangu."

Nyusi za mchumba zikapanda. "Umeandika yale maneno? Wewe?"

"Wananicheka mpaka sasa."

"Cha tatu?"

"Cha tatu, nimesimama chini ya Dakota ambayo hakuna mtu wa kundi letu aliyewahi kuijua, na tangu nifike sijaiangalia. Sijui ina madirisha mangapi. Nimekuangalia wewe tu. Una ukoga kwenye sikio."

Mchumba alijitahidi kubaki na uso wa hasira, lakini mdomo ulimsaliti kwanza, kisha mabega. Akacheka kile kicheko chake cha kwenye picha.

"Iangalie basi, usije ukafa."

"Nikuangalie kwanza nimalize."

Wifi akatupa kishina cha karoti, akatoa kikasha cha miwani mkobani. "Mimi nina zamu kesho. Vaeni kitu chenu nirudi nikalale."

Mwezi uliofuata, chini ya bawa lililosuguliwa likang'aa, wawili hao walisimama na nguo zao za harusi, na wifi ndiye aliyeishika simu. Kabla hata hajavua viatu vilivyombana, Bibi Harusi aliituma picha kwenye Mbawa za Kale na swali la kawaida: *Nani anaitambua?*

Majibu yalimiminika. *Dakota.* *Dakota, mkia na madirisha.* *Dakota, na maharusi wamependeza.* Kisha yule mgeni wa mlango wa kulia, aliyekuwa amejifunza haraka kuliko wote, akaandika:

*Kabla hatujapiga makofi: tuna uhakika picha haijageuzwa?*

Bibi Harusi akamwonyesha mumewe. Mume akaisoma, akainua mkono wake kando ya wa mkewe, akamwacha ajibu.

*Haijageuzwa,* aliandika. *Waangalieni watu kwanza. Pete ziko kushoto.*