Shimo la Mulita

"Mkono wa mtoto umevimba kama muhogo, Nélida, na bado mnasema ni seng'enge?"

Swali hilo aliliuliza jirani yao, Mama Zulma, asubuhi moja ya baridi, akimtazama Wilmar anavyokamua ng'ombe wa bibi yake kwa mkono mmoja. Aliyejibu si Bibi Nélida, ni mwanawe, Mjomba Dardo, chupa ya maji ya moto kwapani, mkononi kibuyu cha mate, ile chai chungu ya majani inayonywewa huko kwao.

"Seng'enge ni seng'enge, jirani. Au ni wewe uliyeifunga?"

Mama Zulma akaguna, akaenda zake.

Wilmar aliinamisha kichwa. Majani yalipoanza kupukutika, mjomba alikuwa amemchukua kwenda kuwinda mulita, yule mnyama wa mashimoni mwenye gamba kama la kakakuona, katika malisho ya tajiri wake. Mwenye mkono mwembamba ndiye huupenyeza shimoni. Wilmar alimvuta mulita, akatoka na mikwaruzo ya majani makavu ya kiota. Nyama waliichoma na kuimaliza huko huko.

"Tajiri amepiga marufuku," mjomba alimwambia. "Akijua, mimi sina kazi na nyinyi hamna mkate. Ukiulizwa, sema seng'enge."

Kidoleni kikatokea kipele, kikapasuka, kikawa kidonda. Vikafuata vingine, vikipanda mkono kwa mstari kama shanga katika uzi. Dawa za zahanati, alizopewa kwa jeraha la seng'enge, hazikufua dafu. Kila bibi alipowasha mshumaa mbele ya Bikira Maria na kumwombea, Wilmar aliuficha mkono nyuma ya mgongo.

Mwishowe bibi na mjomba walimpeleka hospitali ya mji wa Tacuarembó. Daktari Graciela alichukua usaha, akauotesha katika kisahani. Waliporudi kwa majibu, alimwita Wilmar kwenye hadubini.

"Fumba jicho moja. Unaona nini?"

"Nyuzi, daktari. Nyembamba kuliko nywele. Na kwenye ncha... kama petali za ua."

"Hizo petali ndizo mbegu zake. Hii ni kuvu, jamii ya Sporothrix. Sasa tazama hapa, niliyoiweka kwenye joto kama la mwili wako."

Nyuzi hazikuwepo tena. Palikuwa na vijidonge virefu, vingine vikichipua vidogo ubavuni.

"Ni nyingine hii?"

"Ni ile ile. Nje huvaa nyuzi, ndani ya mtu huvaa vidonge. Kwa kubadilika hivyo ndivyo tunavyoitambua. Ina ndugu wanaofanana nayo kama mapacha, nitaipeleka maabara ya mji mkuu, Montevideo, waitenganishe nao. Lakini kuvu hii, kijana, makao yake ni majani makavu na miti inayooza. Huku kwetu mara nyingi naikuta kwa watu waliotia mkono mahali fulani." Akamtazama usoni. "Ulijikwaruza wapi?"

Mjomba alikohoa.

"Mtoto ameshasema, daktari. Seng'enge."

"Nimemuuliza yeye."

Wilmar aliutazama mkono wake, kisha buti za mjomba zenye viraka. Alifikiri juu ya mkate. Machozi yakamtoka kabla ya maneno.

"Shimoni kwa mulita," alisema. "Nisamehe, mjomba. Mkono unauma sana."

Bibi Nélida alijishika kifua. Daktari hakugomba. Aliandika dawa nyingine, akasema itamezwa kwa miezi, na makovu yatabaki, ila mkono utapona. "Ungeniambia mapema, ugonjwa usingepanda hadi kwenye kiwiko. Dawa hufuata maneno ya mgonjwa. Ukinidanganya mimi, umeudanganya mwili wako."

Bibi alimfuta mjukuu wake machozi kwa ncha ya shali.

"Sikia, mwanangu. Uongo ni kama huyo mdudu uliyemwona. Nje una sura moja, ukiingia ndani unageuka mwingine, na unakula taratibu. Mkate Mungu atatupa. Mkono wa pili hatuna wa kukupa." Kisha akamgeukia mwanawe, sauti imeshuka. "Dardo, mtoto amesema la kwake. Lako bado."

Mjomba Dardo alisimama. Alivaa kofia yake, akakiweka kibuyu cha mate, kingali moto, katika mkono mzima wa Wilmar, akavikunja vidole vya mtoto vikishike. Akafungua mlango, akatoka kuelekea kwa tajiri wake.