Herufi Tatu za Kimeng'enya

Kila akitoka shule, Chiriku alikwenda moja kwa moja maabara kwa shangazi yake, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mtu. Jina hilo la utani alilipata kwa kupiga domo kutwa nzima. Tangu mama yake afariki, alikuwa kimya kama redio iliyoishiwa betri. Alikula alichopewa, akajibu alichoulizwa, basi. Majirani wakimwambia, "Wewe ni mama yako kabisa!" aliitikia kwa kichwa tu. Hakuhisi chochote.

Shangazi alichunguza bakteria waliotolewa kwenye mtaro ulioziba kwa mafuta. Alitafuta kimeng'enya, yaani protini yenye uwezo wa kuvunjavunja mafuta hayo. Kompyuta ilisoma jeni zote za bakteria hao, kisha ikaonyesha orodha ya protini zilizofanana na kimeng'enya kinachojulikana, kila moja ikiwa imeandikwa kama mstari mrefu wa herufi.

"Kufanana kusikudanganye," shangazi alimwambia. "Tazama herufi hizi tatu. Hapo ndipo mafuta yanapokatwa. Ikikosekana hata moja, hicho ni kisu kisicho na makali. Nichagulie yenye zote tatu. Tuna uwezo wa kuagiza moja tu."

Chiriku aliketi mbele ya kompyuta. Protini ya kwanza ilifanana sana na kimeng'enya, akaiwekea alama bila kuzitazama zile herufi. Hakuona faida ya kujisumbua.

"Umekagua?"

"Ndiyo." Uongo ulimtoka kirahisi.

Shangazi akaandaa agizo la kutengenezewa jeni ya protini hiyo. "Hii isipofanya kazi, utafiti wetu ndio basi tena," alisema huku akipiga miayo. "Lakini nakuamini, mwanangu."

Chiriku aliingiwa na hofu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kuhisi kitu.

"Shangazi, usitume! Sikukagua. Nimekudanganya."

Shangazi akavuta kiti cha pili. Wakakagua pamoja. Kwenye ile protini ya kwanza, herufi moja haikuwepo. Waliendelea kushuka hadi karibu na mwisho wa orodha, wakakuta protini iliyofanana kidogo tu, lakini herufi tatu zote zilikuwa mahali pake. Wakaagiza jeni ya hiyo.

Wiki kadhaa baadaye, protini iliyotengenezwa kwa jeni hiyo ilidondoshwa kwenye kisahani chenye mafuta meupe. Kesho yake palikuwa na duara safi katikati.

Chiriku aliliangalia kwa muda mrefu. "Shangazi, mbona sijamlilia mama? Labda sikumpenda."

"Nani kakwambia? Anayekutazama juu juu ataona huna huzuni," shangazi alisema, akimshika bega. "Mimi nakuona kila siku. Sura ni mahali pa kuanzia tu, mwanangu. Ukweli unataka kukaguliwa. Na siku ile uliusema ukweli ingawa uliogopa. Hapo ndipo ulipofanana na mama yako."

Hata siku hiyo Chiriku hakulia. Ila walipokuwa wakirudi nyumbani alianza kusimulia habari za lile duara, na shangazi hakupata nafasi ya kutia neno mpaka mlangoni.