Chungu Kilichotoka Jasho

Vigae vilikuwa vimetapakaa chini ya meza, na Injenia Charlotte amepiga magoti katikati yake, analia bila sauti. Chungu chake cha kuchujia maji ndicho kilichowaleta wazee wa juri Uvira, kukipima kwa tuzo kubwa ya wanasayansi wa malighafi. Kilikuwa cha udongo wa mto Ruzizi uliochanganywa na pumba za mpunga. Pumba zikiungua tanuruni huacha vitundu visivyoonekana. Maji hupita, uchafu hubaki. Saa tatu asubuhi kilikuwa mezani kizima. Kabla ya saa nne, vigae.

Macho yote yalimgeukia Eliane, mshika ufunguo wa maabara. Ndiye aliyeukanda ule udongo miaka yote, na jina lake halikutajwa popote kwenye tuzo.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mtu alinong'ona.

Mto Mulongwe ulikuwa umefurika, mtaa wa Kimanga, ilipo maabara, umezingirwa, na polisi wamekwama Kavimvira. Wakamfungia Eliane depo, ghala la maabara, kwa ufunguo wake mwenyewe, mpaka maji yapungue. Aliogopa, tena sana. Habari za kasho, mahabusu ya polisi, alizisikia kwa majirani, na zilimtosha.

Dirisha la depo lilikuwa la nondo na lilitazama barazani. Alipita Papa Léopold, mkuu wa maabara, na kopo lake, akimwagilia maua yake yaliyopangwa chini ya paa. Mvua inyeshe isinyeshe, mzee huyo haachi.

"Pole, mwanangu. Itapita tu," alisema bila kumtazama.

Akaja Bertrand, aliyekuwa akigombea tuzo ileile kwa vigae vyake vya kuezekea.

"Bertrand! Weye ndiye unataka ile medali. Ulikuwa wapi?"

"Minye? Nilikuwa naonyesha juri kazi yangu. Uliza Madamu Libérate."

Madamu Libérate, mkuu wa juri, alikuwa nyuma yake. "Ni kweli. Hakutoka hata kidogo."

"Basi Madamu, niletee vile vipande. Nakuomba."

Vililetwa. Eliane alivipanga dirishani kimoja kimoja: mdomo, ubavu, ubavu mwingine. Kitako hakikuwemo. Sasa mtu anayevunja chungu kwa hasira, kitako anakipeleka wapi?

Aliinua macho. Vyungu vya maua ya mzee vilifinyangwa kwa kalibu moja na cha Charlotte. Tofauti yake ni tundu linalotobolewa chini ili maji yatoke. Chini ya kila kimoja palichuruzika maji ya matope. Cha mwisho hakikuchuruzika. Kilikuwa kinatoka jasho mwili mzima, matone meupe yakikutana chini.

"Madamu, uniitie Charlotte na Papa Léopold. Na glasi moja."

Walipofika aliuliza, "Papa, kile chungu cha mwisho, ulipanda ua ndani lini?"

"Zamani."

"Tuonyeshe tundu yake."

Charlotte alikiinua, akapapasa chini, akapiga ukelele. "Haiko na tundu! Ni yangu! Haikupasuka!"

"Nilipoenda kubeba viti, mlango ulibaki wazi," Eliane alisema. "Alivunja cha maua, akaficha kitako chenye tundu, akahamisha ua. Lakini mazoea yana taabu. Amemwagilia vyote."

Papa Léopold aliketi kwenye ngazi. "Cyprien, kijana wangu wa maabara hii, alipata medali, akaenda. Noella akaenda. Banaendaka, hawarudi. Charlotte naye akienda, nabakia na nani?"

"Na minye, Papa? Ungeniacha niende kasho?"

"Weye wangekuachilia," alijibu taratibu, kana kwamba anambembeleza. "Weye ni wa hapa. Nilijua utabakia tu."

Hapo ndipo Eliane alipoumia zaidi kuliko alipofungiwa.

Madamu Libérate alikuwa amekinga matone kwenye glasi. Aliiinua juu, akatazama. "Matope yameingia, maji safi yametoka. Jaribio zuri kuliko hili sijaliona. Udongo huu aliukanda nani?"

Charlotte aliinamisha kichwa. "Eliane. Nilipaswa kusema zamani."

"Basi nitaandika majina mawili."

Charlotte alifungua mlango na kumrudishia ufunguo. Eliane aliutia mkononi mwa Papa Léopold, akamfumba vidole.

"Ubakie nayo, Papa."

Barabara ilikuwa bado chini ya maji. Alivua viatu, akapandisha kitenge, akaingia majini.