Mke Mwenza Aliyehamia Kichwani

"Nani anakukataza kuvaa mkanda?"

Fundi aliinua macho kutoka kwenye sahani. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, pasi mkono mmoja, simu ya mumewe mkono wa pili, na haikujulikana kipi kingeanza kurushwa.

"Mkanda gani?"

"Nikusomee? Haya. 'Kesho saa tatu asubuhi, usichelewe. Usivae mkanda wala kitu chochote cha chuma. Utalala kama nusu saa tu, usiogope.'" Akaishusha simu. "Nusu saa tu, usiogope. Huyo mwanamke ana huruma kweli."

Tusidanganyane, hata ungekuwa wewe ungewaka. Mwanamke huyu alikuwa na duka la dobi, na mtaa mzima ulimwita Pasi, kwa kazi yake na kwa ulimi wake. Mumewe alichonga funguo kwenye kibanda cha jirani, na siku hizi alikuwa amebadilika. Mnaongea naye vizuri, mara ananyamaza katikati ya neno, macho yakawa mbali, kisha anarudi hajui mlifikia wapi. Kibaya zaidi, alikuwa akisikia marashi. "Umepaka nini leo?" angeuliza, na Pasi hajapaka kitu, ananuka sabuni ya kufulia tu. Basi alikuwa akiyanusa mashati ya mumewe moja moja, kola hadi kwapa, asipate chochote. Dobi mzima kushindwa na shati la mumewe, hilo ndilo lililomkera kuliko yote.

"Una mwanamke?" Sauti ilikuwa imeshuka.

Fundi angeweza kukana. Wanaume hukana hata ushahidi ukiwa umekaa nao mezani. Yeye akaweka kijiko chini.

"Ninaye. Fungasha vitu vyako uende kwa dada yako. Vitakavyobaki nitakuletea."

Pasi alikuwa amejiandaa kwa uongo. Si kwa jibu hili.

Asubuhi Fundi aliondoka bila mkanda, suruali ameishikilia kwa mkono. Begi la Pasi lilikuwa tayari sebuleni. Lakini Pasi si mtu wa kuondoka bila kumjua aliyemwondoa. Ile namba alikuwa ameshainakili. Akapiga.

"Hujambo, dada," alisema kwa sauti ya asali. "Mimi ni mke wa yule uliyemkataza mkanda."

"Afadhali umepiga," akajibu mwanamke wa upande wa pili. "Tumemwambia kila siku aje na mtu wake, yeye anasema hana mtu. Uko njiani?"

"Njiani kwenda wapi?"

"Hospitali, kitengo cha picha. Ndiyo kwanza ameingia kwenye mashine. Daktari anataka picha mpya ya ubongo kabla ya upasuaji."

Pasi aliketi juu ya begi lake. Simu iliendelea kusema halo, halo.

Fundi alipotoka kwenye chumba cha picha, suruali bado kaishikilia kwa mkono, alimkuta mkewe kwenye benchi la korido.

"Mkanda wako huu. Vaa, kabla hujatuaibisha."

Akavaa. Akakaa.

"Haya, anaitwa nani huyo mwanamke wako?"

"Uvimbe." Akagusa juu ya sikio la kushoto. "Uko hapa. Ndio unaoniletea yale marashi. Daktari anasema ubongo unajitungia harufu wenyewe."

"Tangu lini?"

"Tangu siku niliyoanguka kibandani. Nilikwambia nimeteleza."

"Na ukaona afadhali uitwe mzinzi."

"Niliona afadhali unichukie." Alikuwa akiongea na viatu vyake. "Si ulisema mwenyewe? Baba yako umemgeuza kitandani, umemlisha kwa kijiko, hata harusi yetu tuliiahirisha kwa ajili yake. Tulipotoka kumzika ukasema, Mungu asinipe mgonjwa mwingine, sitaweza. Mimi nilikuwa nimekushika mkono, nikasikia. Sasa daktari ananiambia naweza kuamka mkono umekufa, au maneno yamenipotea, au sikujui wewe ni nani. Ningeanzaje kukwambia?"

Fundi alikuwa amesema kweli. Mgongo wa Pasi mpaka leo ulikuwa na kumbukumbu ya kile kitanda.

"Nilisema," akajibu. "Na bado sitaki. Nani anataka? Lakini wewe hukuniuliza. Ulinifukuza."

"Nikuulize nini?"

"Kama nitakaa."

Fundi aliuvuta mkanda kiunoni. "Siwezi. Nikikuuliza nilivyo hivi, utanijibu kwa huruma."

"Basi nyamaza. Ila huyo mke mwenza anatoka."

"Mke mwenza gani tena?"

"Huyo wa kichwani. Kaingia kwenye ndoa yangu bila hodi, kakaa bure, anakupulizia marashi mchana kutwa, na wewe umemficha kama mali ya wizi. Hata uke wenza una adabu zake, bwana."

Fundi alicheka. Alicheka mpaka akaanza kulia, na Pasi akamwacha alie, kichwa chenye mgeni kimelala begani kwake, watu wanapita na mafaili yao.

Kuanzia hapo utani ukahamia nyumbani. Akisahau jina la kitu, mkewe anasema mwenzangu kakificha. Akikosa usingizi, Pasi anagonga paji lake taratibu, "Wewe dada humo ndani, punguza kelele, wenzako tuna kazi kesho." Kwenye mlango wa kibanda Fundi alibandika karatasi: "Tumefunga. Safari hii fundi ndiye anayefunguliwa." Wateja walicheka, na walipoambiwa maana yake wakaingia kwa Pasi kuuliza hali.

Siku ya kuamkia upasuaji, mama yake Fundi aliingia wodini macho yamevimba, amelia njia nzima. Pasi alimpokea mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Yuko wapi?"

"Kitandani pale. Lakini mama, nina mashtaka. Mwanao kaniolea mke wa pili."

Machozi ya mama mkwe yalikauka papo hapo. "Wa wapi huyo?"

"Yuko kichwani. Kesho daktari anamtoa."

Mama alimtazama mkwewe, akamtazama mwanawe, akaelewa. Akavuta mtandio wake vizuri.

"Nani alikwenda kumposa?"

"Hakuna. Kajileta."

"Kajileta, wala hakuja kunisalimia mimi mkwe wake?"

"Wala."

"Basi hana lake hapa. Mfungashieni virago."

Wodi nzima ilicheka. Muuguzi alipokuja kumnyoa upande wa kushoto, Fundi akamuuliza kama kinyozi wa hospitali anatoza nusu bei kwa nusu kichwa.

Asubuhi walikisukuma kitanda mpaka milango ya chumba cha upasuaji. Fundi akamshika mkewe kidole.

"Nikiamka nikawa sikujui?"

"Nitakutongoza upya. Mara ya kwanza ulikuwa rahisi sana, sidhani kama umekuwa mgumu."

Akaingizwa anatabasamu. Milango ilipofungwa, utani ukamwishia Pasi. Akamgeukia mama mkwe.

"Naogopa, mama. Naogopa afe. Naogopa pia apone nusu, halafu mimi nishindwe."

"Ukishindwa utasema."

"Niseme kwa nani?"

"Kwangu. Kwa dada yako. Baba yako ulimuuguza peke yako, kila tukikuuliza unasema naweza. Safari hii ukichoka, fungua mdomo. Si unao mdomo wewe? Mtaa mzima unaujua."

Pasi alilia kwa sauti, hakujali nani anamwona. Tangu msiba wa baba yake hakuwa amelia hivyo.

Mchana ulikuwa umeenda sana daktari alipotoka, kofia mkononi.

"Tumeutoa karibu wote," alisema. "Kuna kipande kimekaa mahali nisipothubutu kugusa, hicho tutakipiga mionzi. Uhai upo. Maneno yatakuwa mazito. Kwa muda gani, sijui, na sitakudanganya."

Fundi alipofumbua macho, bandeji imemzunguka kichwa chote, alimtazama mama yake, akamtazama mkewe, na macho yakabaki kwa mkewe. Anamjua. Pasi aliliona hilo, akashusha pumzi.

"Uta..." akasema Fundi.

"Utakunywa maji?" muuguzi akauliza.

Akakunja uso. Siyo. "Uta... uta..."

Pasi alilijua lile neno. Alikuwa nalo mdomoni, angeweza kumpa.

"Msaidie basi, mwanangu," mama mkwe akanong'ona.

Pasi alitikisa kichwa. Alisogeza kiti, akamshika mumewe mkono, akangoja. Jasho lilimtoka Fundi juu ya mdomo. Midomo ilitafuta, ikakosa, ikaanza tena.

"Uta... kaa?"

Siku nyingine Pasi angekuwa na jibu la kuchekesha. Hakulitafuta.

"Nitakaa," alisema. "Nikichoka nitakwambia nimechoka. Na bado nitakaa."